Tangazo la likizo na ukurasa mtupu

Kila mwaka, shule zetu za sekondari zinapokaribia kufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka, wanafunzi hukabidhiwa karatasi ya kupeleka nyumbani. Karatasi hiyo huwa na muhuri wa shule na saini ya Mkuu wa Shule, na kwa mzazi aliye mbali na mambo ya shule ndiyo sauti pekee ya Serikali inayoingia nyumbani mwake kuhusu elimu ya mtoto wake. Kwa hiyo si jambo dogo. Yafaa tuitazame kwa makini tujue inasema nini, na zaidi ya hapo, inanyamazia nini.

Mwaka juzi jirani yangu mmoja hapa Uyole, bibi anayelea mjukuu wake wa kidato cha pili, aliniletea karatasi ya namna hiyo jioni, akiwa ameifunga katika pindo la khanga. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa. "Mwalimu," aliniambia, "mimi nilisoma ngumbaru kule Rungwe, nikafaulu, na hata leo barua zangu nazisoma mwenyewe. Lakini hii imenishinda." Niliifungua nikaona sababu. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza tangu juu hadi chini. Nikamsomea: tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua, fedha ya chakula cha mchana, rimu moja ya karatasi, ufagio wa ndani na ufagio wa nje, jembe lenye mpini, nywele zinyolewe, sweta liwe la rangi ya shule. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na huu mwezi mzima atakaokuwa nyumbani, shule inataka afanye nini?" Niliigeuza karatasi upande wa pili. Palikuwa peupe.

Sitaitaja shule hiyo, maana haina kosa la peke yake. Nimeziona karatasi za shule nyingine za Mbeya, na za Iringa pia, na nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Baadhi zimeandikwa kwa Kiswahili safi, jambo la kushukuru. Lakini hata hizo humwambia mzazi alete nini, wala hazimwambii mtoto asome nini.

Habari ya lugha naomba niimalize upesi, kwa kuwa haihitaji mjadala mrefu. Kiingereza ni lugha ya kufundishia katika sekondari. Si lugha ya kuzungumza na mzazi. Tangu mwaka 1967 Serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na hapana mtumishi wa Serikali ambaye leo angethubutu kumwandikia mkulima wa Igurusi barua ya pembejeo kwa Kiingereza. Iweje basi barua ya mtoto wake iandikwe kwa lugha asiyoijua? Wapo wanaojibu kwamba siku hizi matangazo hupitia kwenye makundi ya simu, na kwamba karatasi ni mambo ya kale. Bibi yangu huyo ana simu ya kitochi. Kundi la wazazi halimfikii, na wa hali yake ni wengi.

Sasa turudi kwenye ule upande mtupu, kwani ndio ulionifanya nishike kalamu.

Shule nyingi za sekondari zina vitabu. Si vya kutosha, na katika shule za kata huenda vikawa ni rafu mbili tu ndani ya ofisi ya mwalimu wa taaluma, lakini vipo. Siku shule inapofungwa, vitabu hivyo hukusanywa, huhesabiwa, hutiwa kabatini, na kabati hufungwa kwa kufuli. Hufunguliwa shule inapofunguliwa. Yaani katika kipindi ambacho mwanafunzi ana siku nyingi zaidi mkononi mwake kuliko wakati mwingine wowote, bila kengele wala kipindi, ndipo vitabu vinapowekwa mbali naye kabisa. Ukifikiri kwa utulivu utaona kuwa ni jambo la ajabu. Ghala la chakula hatulifungi wakati wa njaa.

Mwalimu anayelifunga kabati hilo si mtu mbaya. Anaogopa, na hofu yake ina msingi. Kitabu kikipotea huandikwa katika daftari kuwa hasara, na mkaguzi akija huulizwa yeye. Hakuna anayemwuliza vitabu vilivyosalimika vimesomwa na wangapi. Mtu akiulizwa swali moja tu mwaka baada ya mwaka, hujifunza kulijibu hilo hilo. Na jibu rahisi kuliko yote ni kufuli. Nimepata kuona, katika shule moja ambayo sitaitaja vilevile, kabati la namna hiyo lilipofunguliwa baada ya kitambo kirefu. Vitabu vyote vilikuwemo kwa idadi kamili kama daftari lilivyosema. Mchwa walikuwa wameanzia rafu ya chini na kupanda hadi ya tatu. Hapakuwa na hasara iliyoandikwa.

Hapa Uyole tunao mfano ulio bora zaidi, na hatuna haja ya kwenda kuutafuta ng'ambo. Kituo cha Utafiti wa Kilimo kilichojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ushirikiano na nchi za Skandinavia kimetoa aina nyingi za mbegu za maharage, na baadhi zimebeba jina la mahali petu hadi sokoni: Uyole 84, Uyole 96, Njano Uyole. Watafiti walijua vema kwamba wakigawa mbegu, nyingine zitaliwa badala ya kupandwa, nyingine zitaoza, nyingine zitachanganywa na za zamani. Waligawa hata hivyo. Mbegu iliyohifadhiwa isiguswe ingebaki safi katika mtungi wake, na hakuna mama wa Mbeya wala wa Njombe ambaye angeipika. Sioni sababu ya kitabu kuwa na sheria nyingine.

Najua jibu litakalotoka kwa wazazi, na mengi ya jibu hilo ni ya haki. Juni kwetu ni mwezi wa kazi. Mahindi yanavunwa, viazi vinachimbwa, na mkono wa kijana wa miaka kumi na mitano hauwezi kuachwa ukae bure kivulini na kitabu. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alisema wazi kwamba shule isimtenge kijana na kazi za wazee wake, nami sina ugomvi na hilo. Ila kazi ya shamba hukoma jua linapokuchwa, na jioni za kipupwe huku kwetu ni ndefu na za baridi, watu wamekaa karibu na moto hawana la kufanya zaidi ya kuota. Saa moja ya hapo yatosha. Kitabu cha kurasa 120, kikisomwa kurasa tano kila jioni, huisha kwa siku 24, na likizo bado haijaisha.

Saa hiyo moja, hata hivyo, haigawanywi sawa. Mvulana akirudi shambani huoga na kukaa. Msichana akirudi hushika ndoo, kisha mwiko, kisha mtoto mchanga wa dada yake, na anapokaa taa inazimwa. Wazazi wenzangu, tukitaka kusema kweli, hapa hatuwezi kuilaumu shule. Si kufuli la mwalimu linalomzuia binti asisome saa tatu usiku, ni sisi. Mwalimu wa darasa anayejua kazi yake huona tofauti hiyo shule inapofunguliwa, kwa sababu wasichana hurudi wamesahau zaidi, nasi husema kuwa hawana akili ya masomo.

Kuna ushahidi wa kutosha kwamba kusoma kusipotumiwa hufa. Wakati wa Uhuru mwaka 1961 sehemu kubwa ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma. Ikaja kampeni ya kisomo, iliyotiwa nguvu tangu mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Na kufikia mwaka 1986 takwimu za Serikali zilionyesha kuwa wasiojua kusoma na kuandika wamebaki chini ya asilimia 10. Ilikuwa sifa kubwa, iliyosikika duniani kote. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilipofanywa, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa wamefika karibu asilimia 30. Sababu ni nyingi, ikiwamo uandikishaji wa shule za msingi ulioporomoka katika miaka ya shida. Mojawapo lakini kila mwalimu wa zamani wa ngumbaru aijua: walihitimu, wakapewa vyeti, wakarudi katika nyumba zisizo na hata karatasi moja yenye maandishi. Magazeti ya vijijini na maktaba za vijiji vilivyoanzishwa ili kuwasaidia vilififia. Ikiwa mtu mzima aliyejifunza kwa hiari yake anaweza kupoteza kisomo kwa kukosa cha kusoma, mtoto aliyelazimishwa Kiingereza kwa miaka miwili atabaki na nini akikaa mwezi mzima bila ukurasa wake hata mmoja?

Kampeni ile ilitufundisha na jambo jingine, nalo lahusu matangazo. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, na baada ya kipindi wakafungua kijitabu na kukisoma pamoja chini ya kiongozi wa kikundi, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Angalia mpangilio wake. Redio ilitangaza; lakini aliyeiandaa kampeni hakuridhika na tangazo. Aliweka kijitabu mkononi mwa kikundi, na akaweka mtu wa kukisomea kwa sauti wale ambao hawakuweza. Leo tunatangaza kwa redio, kwa simu na kwa karatasi, mara elfu zaidi ya wakati ule, bila kijitabu na bila msomaji.

Bibi yangu wa Uyole angeweza kuwa kikundi cha msikilizaji mmoja. Mjukuu akisoma kwa sauti karibu na moto, naye akisikiliza na kuuliza maswali, mtoto atapata mwalimu wa likizo asiyelipwa, na bibi atapata hadithi. Hapo ndipo wengine husema: mzazi asiye na elimu atamsaidiaje mwanafunzi wa sekondari? Atamsaidia kwa kuuliza, "Kisha ikawaje?" Mwanafunzi asiyeweza kujibu swali hilo hakuelewa alichosoma, na mzazi hahitaji cheti kuligundua.

Asome nini? Nitasema mawazo yangu mwenyewe, na mwalimu wa Kiswahili mwenye mawazo bora atanisahihisha. Kwa kidato cha kwanza na cha pili ningempa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960. Ni hadithi ya upelelezi, na mtoto akishamjua Bwana Msa hatahitaji kusukumwa. Ningempa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha George Orwell, kwa sababu kwa vijana wa huku wanaojua nguruwe na punda ni nini, kitabu hicho hueleweka upesi kuliko kinavyoeleweka mjini. Na kwa wale wanaokwenda shambani na wazee wao, Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, habari ya mtu anayeacha kazi ya mshahara na kwenda kulima. Nakiri kuwa wanafunzi hulalamika kwamba lugha yake ni nzito. Waache walalamike, watazoea.

Kwa kidato cha tatu na cha nne, Kuli cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1979, kuhusu makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948, kingewafundisha historia zaidi ya vipindi vingi. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971, ningekitaka kisomwe na mzazi pamoja na mtoto. Hapo mwanzo kitabu hicho kilizuiwa kutumika shuleni, kwa kuhofiwa kuwa kitawaharibu wasichana, baadaye kikaruhusiwa. Nimekisoma mara kadhaa, na naamini hofu ilielekezwa mahali pasipo. Anayepaswa kuogopa anapokisoma ni baba: baba mlevi, mkali, anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, akadhani amemlinda. Wapo akina baba wa namna hiyo katika kila kata.

Na Kiingereza? Hapa naomba walimu wenzangu wajaribu njia moja isiyo na gharama kubwa. Kitabu cha Chinua Achebe, Things Fall Apart, kilitafsiriwa na Clement Ndulute mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Mwanafunzi akisoma sura moja kwa Kiswahili, kisha sura hiyo hiyo kwa Kiingereza, hatapotea njiani, kwa maana anajua tayari yaliyotokea. Kilichobaki ni maneno. Shamba la Wanyama laweza kusomwa hivyo hivyo. Na kwa kidato cha tano na cha sita kipo sasa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022 ya kitabu cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Tulishangilia sana siku ile ya tuzo. Ningependa kujua ni wangapi kati ya tulioshangilia wamefungua kitabu chake hata kimoja; nami mwenyewe nilichelewa.

Wasio na kitabu shuleni wasikate tamaa upesi. Kutoka Uyole hadi Maktaba ya Mkoa mjini Mbeya ni safari ya daladala moja, na Iringa nao wana yao. Mwanafunzi wa Isyesye au Igawilo aliye na nauli ya siku moja kwa wiki anaweza kuitumia. Aliye Makete au Ludewa hawezi, na ndiyo maana kabati la shule yake haliwezi kufungwa kwa kisingizio kwamba maktaba zipo.

Kabla sijafika mwisho, lipo tangazo jingine ambalo halimo katika karatasi hizi, nalo ni zito zaidi ya vitabu. Mwaka 2021, kwa Waraka wa Elimu Na. 2, Serikali iliruhusu mwanafunzi aliyekatiza masomo, akiwamo msichana aliyepata mimba, kurudi katika mfumo rasmi wa shule. Uamuzi huo ulitangazwa na viongozi wa juu na ukaandikwa magazetini. Lakini msichana aliye Ilembo, ambaye amejifungua na amekaa nyumbani kwa aibu, hasomi magazeti, na mzazi wake hajui kuwa mlango umefunguliwa. Mdogo wake yumo kidato cha kwanza. Karatasi ya likizo itaingia katika nyumba hiyo hiyo, ikiwa imeorodhesha ufagio wa ndani na ufagio wa nje. Mstari mmoja wa Kiswahili ungetosha.

Kwa ndugu zangu walio katika ofisi za elimu za wilaya na mikoa, nina ombi la kiofisi. Ruhusuni, kwa maandishi, kwamba katika vitabu vilivyoazimwa wakati wa likizo sehemu ndogo inaweza kupotea au kuchakaa bila mwalimu kuwekwa kiti moto, ilimradi daftari la kuazima lionyeshe nani alichukua nini. Na mkaguzi anapofika, aulize kwanza daftari la kuazima, ndipo aulize daftari la mali. Maswali hayo mawili yakigeuzwa mpangilio, kufuli nyingi zitafunguka zenyewe, kwa sababu mwalimu hufuata swali analojua ataulizwa.

Wakuu wa Shule hawana haja ya kungoja waraka ili waanze. Ningeombwa kuandika upande wa pili wa karatasi ile, ningeandika hivi:

"Mzazi au mlezi, mwanao amekuja na kitabu cha shule. Jina lake na namba yake vimeandikwa hapa chini. Tafadhali mpe saa moja kila jioni akisome, mvulana na msichana sawa, na mara mbili kwa wiki umtake akusomee kwa sauti. Kitabu kifungwe katika karatasi ya nailoni, kisiwekwe karibu na moto wala kwenye mvua. Siku ya kufungua atakirudisha, na atawasimulia wenzake darasani. Kikiharibika kwa bahati mbaya, njoo utueleze. Mtoto asizuiwe kurudi shuleni kwa ajili ya kitabu. Kama nyumbani kwako yupo kijana aliyeacha masomo kwa sababu yoyote, ikiwamo uzazi, njoo naye tuzungumze."

Hayo ni maneno yasiyojaza hata nusu ya ukurasa. Yanapigwa chapa pale pale nyuma ya orodha ya michango, na karatasi yenyewe shule inayo, kwani wazazi ndio walioleta rimu mwezi wa Januari.